Paka naye huugua sukari: Mpime nyumbani kabla ya sindano

Mwambie abiria mwenzako ndani ya matatu kwamba paka wako ana ugonjwa wa sukari. Yamkini atacheka kwanza, kisha akuulize ni nani aliyekuwa akimtilia sukari kwenye maziwa. Ugonjwa huu tumezoea kuuona kwa binadamu: baba aliyekatazwa soda, nyanya anayebeba sindano zake ndani ya mkoba. Lakini paka pia huugua, na kuna nyumba ambazo humpoteza mnyama huyo bila hata kujua alikufa kwa nini.

Dalili hazimfichiki mtu anayetazama. Paka aliyekuwa akilamba maji kidogo tu kwa siku huanza kumaliza bakuli zima. Hukojoa sana, hata mahali asipozoea. Hula kwa pupa na bado hukonda hadi mifupa ya mgongo ikaonekana. Wengine hufika hatua ya kutembea kwa visigino, miguu ya nyuma ikiwa imelala chini kama ya sungura. Na kama sakafu yako ni ya saruji, kuna shahidi mwingine asiyesema uongo: sisimizi. Ukiwaona wamekusanyika pale paka alipokojoa, usiwafagie tu ukaendelea na shughuli zako. Waganga wa kale wa India waliutambua ugonjwa huu kwa binadamu kwa kuwatazama sisimizi, karne nyingi kabla ya kuwapo kwa maabara.

Kuhusu sukari kwenye maziwa, paka hana hatia na wala hana hamu. Mwaka wa 2005 wataalamu walionyesha kwamba jeni inayowapa wanyama wengine uwezo wa kuonja utamu imeharibika katika ukoo mzima wa paka, kuanzia huyu wa jikoni hadi simbamarara. Ukimwona analamba aiskrimu, anafuata mafuta yaliyomo.

Kisukari cha paka hufanana mno na kile cha watu wazima kinachoitwa aina ya pili. Mwili hutoa insulini, lakini haisikilizwi vizuri, na kongosho hatimaye huchoka. Mfanano huo si wa juu juu. Mwaka wa 1987 mtafiti Per Westermark na wenzake huko Sweden walichunguza uvimbe wa kongosho la binadamu pamoja na kongosho la paka mwenye kisukari, wakakuta kwamba uchafu uliozisonga seli za insulini ulitokana na protini ya aina moja. Kwa hiyo paka mgonjwa alisaidia kuufafanua ugonjwa wa baba na nyanya.

Walio hatarini zaidi ni madume waliohasiwa, wanene, waliopita umri wa miaka saba hivi, wanaoshinda ndani ya nyumba. Wale waliopewa dawa za steroidi kwa muda mrefu, labda kwa sababu ya kuwashwa ngozi, wamo pia. Nenda ufuoni Asembo Bay asubuhi, wakati omena ya usiku inapoanikwa, uwatazame paka wa pale. Ni wembamba, wepesi, kila mmoja ana kovu la vita, na chakula chao kikubwa ni samaki na panya. Sasa mtazame paka wa fleti ya Kisumu au Nairobi, ambaye bakuli lake la biskuti kavu halikauki na safari yake ndefu kabisa ni kutoka kwenye kochi hadi jikoni. Huyo wa pili ndiye daktari wa mifugo atakayemwona.

Dawa kuu ni insulini, ile ile iliyogunduliwa Toronto mwaka wa 1921 na kumwokoa kijana Leonard Thompson mwezi wa Januari 1922. Paka hudungwa kiasi kidogo chini ya ngozi, kwa kawaida mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Kumdunga si kazi ngumu. Watoto wa shule ya upili wanaweza kujifunza kwa siku moja. Ugumu uko katika kujua ni kiasi gani. Insulini ikipungua, paka ataendelea kukonda polepole. Ikizidi, sukari huporomoka, ubongo hukosa chakula chake, na mnyama aliyekuwa mzima asubuhi huweza kuwa maiti kabla ya jua kutua. Anayedunga bila kupima anadunga gizani.

<b>Nambari ya safarini</b>

Utasema, basi nitampeleka kwa daktari ampime. Ni vyema, na mara ya kwanza ni lazima. Lakini tuchukue mfano wa nyumba moja ya kubuni, iliyoko karibu na ufuo wa Asembo Bay. Paka anatiwa ndani ya katoni yenye matundu. Anapandishwa bodaboda hadi barabarani, kisha matatu inayopitia Ndori na Kisian, redio ikinguruma na kuku wawili wakiwa chini ya kiti. Anafika Kisumu, anaketishwa kwenye benchi kando ya mbwa anayebweka. Ndipo daktari anapomtoa tone la damu. Mashine inaonyesha 17.

Nambari hiyo ni ya kweli, lakini ni nambari ya safari. Paka akiogopa, mwili humimina sukari katika damu ili apate nguvu za kupigana au kukimbia, na hata paka asiye na ugonjwa wowote huweza kufikia 16 au kupita hapo. Daktari mzoefu anajua hivyo, na ndiyo sababu huagiza pia kipimo cha fruktosamini, ambacho huonyesha hali ya wastani ya wiki mbili hivi zilizopita. Hata hivyo, kipimo hicho hakiwezi kukuambia sukari ilikuwaje jana saa nane mchana, saa sita baada ya sindano. Ikiwa kiasi cha dawa kitaongezwa kwa kufuata nambari za safari peke yake, siku atakapolala kwa utulivu nyumbani dawa hiyo itakuwa nyingi mno.

Kwa hiyo kipimo cha kuaminika zaidi ni kile kinachofanywa akiwa amelala kwenye mkeka wake, na mtu anayemjua.

Wazo la mgonjwa kujipima nyumbani lenyewe si la kale sana. Mashine za kwanza za kampuni ya Ames, zilizotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja na ziliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mhandisi mmoja wa New York mwenye kisukari, Richard Bernstein, aliipata yake kwa sababu mkewe alikuwa daktari. Alijipima mara kadhaa kwa siku, akabadilisha chakula na dawa kwa kufuata alichokiona, na baadaye akaingia chuo cha udaktari akiwa mtu mzima. Upande wa paka, mwaka wa 2000 Wess na Reusch wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha njia ya kupata tone la damu kwenye sikio na kulipima kwa mashine ndogo za mkononi. Tangu hapo, madaktari wengi wa mifugo duniani huwafunza wenye paka kufanya hivyo wenyewe.

Watu wa Asembo, kwa upande wao, hawashangazwi na tone la damu. Kati ya mwaka wa 1992 na 1996 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya (KEMRI) pamoja na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) ziliwafuatilia akina mama waja wazito na watoto wao katika utafiti wa malaria uliojulikana ulimwenguni kwa jina la Asembo Bay. Mtoto alitobolewa, tone likapakwa kwenye kioo, maisha yakaendelea. Kisha mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini mikoba yenye vifaa, na miongoni mwake imo mashine ya kupima sukari. Leo mashine hiyo huingia nyumba ambazo haikuwahi kuonekana. Vijikaratasi vyake vya kupimia, ambavyo madukani huitwa stripi, ni vya binadamu wa kijiji hicho. Usimwombe mhamasishaji akupimie paka. Nunua mashine na stripi zako.

<b>Sikio, mwangaza na omena mmoja</b>

Kabla ya kutoboa, mzoeze. Kwa siku tatu nne mweke mahali pamoja, sema karibu na madirisha ambapo pana mwangaza, umshike sikio kwa upole, ulipapase, kisha umpe kipande kidogo cha samaki. Omena mmoja mkavu, aliyesuuzwa mchanga wa ufuoni, anatosha. Paka ana akili ya biashara, na baada ya juma moja utakuta amekutangulia mahali pale na anakudai.

Siku ya kupima, tayarisha kila kitu kwanza: mashine, stripi, sindano ndogo ya kutobolea, pamba. Loweka kitambaa katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ulifunike sikio kwa dakika moja hivi. Sikio baridi halitoi damu, na wengi wanaokata tamaa ni kwa sababu wameruka hatua hii. Lishike sikio dhidi ya mwangaza nawe utauona mshipa mwembamba unaozunguka ukingoni. Usiutoboe mshipa wenyewe. Lenga nafasi nyembamba iliyo kati ya mshipa na ukingo. Nyuma ya sikio weka pamba iliyokunjwa, ili sindano ikipenya isikuingie kidoleni.

Toboa mara moja, kwa haraka. Tone likichelewa, bana sikio polepole kuelekea pale ulipotoboa. Wengine hupaka mafuta ya kujipaka kidogo sana mahali hapo ili damu isimame kama shanga badala ya kutawanyika kwenye manyoya. Mashine nyingi za siku hizi huhitaji tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Gusisha ncha ya stripi kwenye tone, usilipake juu yake, ungoje sekunde chache. Kisha bonyeza pamba sikioni kwa dakika moja, na mlipe samaki wake hata kama umeshindwa kupata damu. Spiriti usitumie. Humwasha, na isipokauka huharibu kipimo.

Ni vizuri wawe wawili mwanzoni, mmoja akimtuliza na mwingine akitoboa. Katika nyumba yetu ya mfano tunaweza kumsikia mjukuu aliyetoka shule akisema, “Dani, mshike kichwa, mimi nimeshaliona tone,” na nyanya akimjibu, “Fanya upesi, mjukuu wangu, huyu atanirarua leso.” Hakikisheni paka huyo amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Sindano ya kutobolea ni ya paka peke yake, na ikishatumika iingie ndani ya kopo gumu, kamwe isirudi kwenye mkoba wa Dani.

Nambari utakazoziona katika mashine za Kenya ni za milimoli kwa lita. Vitabu na maelezo ya Marekani hutumia miligramu. Ukikutana na nambari kama 270, igawanye kwa 18 upate 15. Mwanafunzi wa hesabu ataifanya kichwani. Paka mzima aliyetulia huwa kati ya 4 na 8 hivi. Figo zake huanza kumwaga sukari kwenye mkojo inapopita 14 au 16, ilhali za binadamu huanza kwenye 10 hivi. Ndiyo kusema kwamba kufikia siku utakapowaona wale sisimizi, paka amekuwa mgonjwa kwa muda.

Kuna jambo moja la mashine ambalo wauzaji wengi hawalijui. Mashine ya binadamu imetengenezwa kwa damu ya binadamu, ambayo sehemu kubwa ya sukari yake, takriban asilimia 42, imo ndani ya chembe nyekundu. Katika damu ya paka ni asilimia 7 hivi tu iliyo ndani ya chembe hizo, nyingine yote iko kwenye majimaji. Matokeo yake ni kwamba mashine ya binadamu kwa kawaida humsoma paka chini kidogo ya hali yake halisi. Zipo mashine za wanyama zinazorekebisha tofauti hiyo, lakini hata ya binadamu hufaa, mradi utumie ile ile kila siku na daktari wako ajue ni ya aina gani. Andika kila kitu kwenye daftari: saa, nambari, kiasi cha dawa, alichokula.

Kipimo kisichokosekana ni kile cha kabla ya sindano. Mwenye paka anayeanza hupewa na daktari wake kikomo, mathalani 11: akiwa chini ya hapo usimdunge, piga simu kwanza. Siku nyingine daktari atakuomba upime kila baada ya saa mbili kutwa nzima, ili aone sukari inashuka hadi wapi na saa ngapi. Kazi hiyo ifanywe Jumamosi, watu wakiwa nyumbani. Ikishuka chini ya 3.5, au mashine ikiandika Lo, usianze kubishana na mashine. Mpe chakula mara moja. Akiwa anapepesuka, amelegea au anatetemeka, mpake asali au maji ya sukari kwenye ufizi, kidogo kidogo, usimmiminie kooni, na utafute daktari huku ukiendelea kupima.

<b>Hatari ya Desemba</b>

Sasa tufikie lililonifanya nichague Asembo Bay. Kila Desemba magari hutoka Nairobi yakiwa yamejaa watoto, magodoro na, siku hizi, paka. Tuseme paka huyo ana kisukari. Mjini amezoea biskuti zenye wanga mwingi, na daktari amempimia insulini ya kuumudu wanga huo. Anafika kwa Dani, na Dani, kwa ukarimu wake, anamwekea omena, matumbo ya ngege na kichwa cha mbuta. Ndani ya samaki hamna wanga. Sukari ya paka huyo itashuka siku ya pili au ya tatu, bila mtu kubadilisha kitu chochote kwenye sirinji. Kiasi kile kile kilichokuwa sawa Nairobi kinageuka kuwa sumu ufuoni, na wenyeji watasema paka wa mjini hakuyaweza mazingira.

Chakula chenyewe si kibaya, tena ni kizuri kuliko biskuti. Chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo ni sehemu ya tiba, na kuna paka ambao, wakianza kutibiwa mapema na wakapungua unene, huacha kabisa kuhitaji insulini kwa miezi au miaka. Lakini badiliko hilo lifanywe polepole, likiandamana na kupima kila siku na simu kwa daktari ili apunguze dawa. Samaki awe amechemshwa, kwani samaki mbichi kila siku humwondolea paka vitamini ya B1, na asiwe ndiye chakula pekee. Ukumbuke pia kwamba kwa kawaida uvuvi wa omena upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Omena akiadimika na paka akarudishiwa ugali na maziwa, nambari zitapanda tena.

Katika nyumba ambayo nyanya naye anatumia insulini, kuna kishawishi cha kumgawia paka. Nasema wazi kwamba ni kosa, ijapokuwa baadhi ya insulini za binadamu hutumika kwa paka kwa maagizo ya daktari. Aina hutofautiana kwa kasi, na kiasi cha nyanya kinaweza kuwaua paka kadhaa. Sirinji nazo ni mtego. Insulini nyingi za wanyama huwa na yuniti 40 kwa mililita, za binadamu 100. Ukivuta ile ya 100 kwa sirinji ya 40, umempa dozi mara mbili na nusu. Soma chupa, soma sirinji, kila mara.

Kuhusu kuihifadhi, chupa isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8 na haitaki barafu. Mahali pasipo na friji, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati pakiwa na mchanga uliolowa, kivulini penye upepo, hupunguza joto vya kutosha kuisaidia dawa iliyofunguliwa. Stripi nazo zifungwe ndani ya kopo lake; unyevu wa ziwani huziharibu.

Marekani iliidhinisha kidonge cha kisukari cha paka mwezi wa Desemba 2022 na dawa ya maji mwaka wa 2023, lakini hazimfai kila paka, na anayezitumia bado huchunguzwa damu. Gharama ya yote haya si ndogo, na familia yenye karo ya kulipa ina haki ya kumwambia daktari ukweli kuhusu mfuko wake. Daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya anaweza kupanga vipimo vichache kwa uangalifu, au kukuambia kwa uaminifu kwamba kumlaza mnyama huyo bila maumivu ni afadhali kuliko kumtibu nusu nusu.

Na kwa wale watakaorudi Nairobi mwezi wa Januari: msiibadili dozi kwa nambari ya usiku ule mtakaofika, kwani bado ni ya barabarani. Ikiwa ndogo, chini ya kikomo mlichopewa, iaminini na msidunge. Ikiwa kubwa, mwacheni alale, mumpime asubuhi kabla ya chakula chake cha kwanza, halafu mmpigie daktari mkiwa na daftari mkononi.